Siku Bata Alipoacha Kuchekesha

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nalisema hili mapema ili kila mtu atulie. Nimeitafuta kwenye ramani ya shule ya binti yangu sikuiona, na hata yule ofisa mpole aliyekuja nyumbani kuniuliza siku hizi naandika nini alikubaliana nami, baada ya kumaliza chai yangu, kwamba haipo. Kwa hiyo msomaji akiona kitu kinachofanana na cha kwao, ajue macho yake yamechoka, akapumzike.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo watu walikuwa na furaha kwa mujibu wa sheria. Kulikuwa na Wizara ya Furaha na Mambo Mengineyo, na ndani yake Idara ya Ukaguzi wa Hisia za Taifa. Mkaguzi Mkuu aliitwa Bwana Fulgensi Lipembe, mtu mnene, msafi, aliyetembea na leso mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufutia jasho lake. Ya pili ilikuwa ya kufutia machozi ya wananchi endapo yangetokea, na tangu siku aliyoapishwa ilikuwa bado imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani.

Kazi ya Bwana Lipembe ilikuwa kukaa ofisini na kutazama televisheni ya taifa wakati uleule taifa linapoitazama. Mbele yake palikuwa na kitufe chekundu. Likitamkwa neno lisilofaa, anabonyeza, picha inakatika, na badala yake unatokea mlima wetu mrefu ukiwa na wimbo wa taifa. Namaanisha mlima wao.

*

Furaha yenyewe, nasema ukweli, ilitoka Japani. Ilikuwa katuni ndefu, ya aina ile ambayo vijana huiita anime, na ilimhusu bata mmoja mwenye kijumba cha kupikia supu kando ya mto. Jina lake la Kijapani lilimshinda kila mtu kulitamka, wakamwita Bata Kwakwa. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, wageni wa ajabu walipita kwake kula: fisi mwenye miwani, zimwi linaloogopa kuku, samaki aliyekuja akiwa ndani ya ndoo yake mwenyewe.

Kituo cha taifa hakikuwa na mitambo ya kuingiza sauti kwenye filamu. Wakafanya kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video vya mitaani: wakamweka mtu chumbani mbele ya picha, wakampa kipaza sauti, akasema yeye maneno ya wote, papo kwa papo. Sauti ilikwenda hewani ikaishia hukohuko, haikuhifadhiwa popote. Mtu huyo alikuwa Bi Mwanamvua Mkwiru, mama wa makamo aliyekuzwa na vibanda hivyohivyo.

Je, alijua Kijapani? Hata neno. Alitazama nyuso. "Uso wa mwenye njaa unahitaji kamusi ya nini?" aliwahi kusema. Akaivimbisha shingo, akaitoa sauti ya bata kutoka mahali ambapo wengine tunatolea kwikwi, na nchi nzima ikashika mbavu.

Kulikuwa na kipande kimoja kilichokuwa roho ya mchezo wote. Supu ikiiva, Bata Kwakwa aligonga sufuria kwa mwiko na kumwita mgeni kwa jina: "Supu ya Fisi tayaaari!" Fisi huko nje akajibu, "Najaaa!" na kuja mbio, na kuanguka kwenye benchi. Basi. Ukikisimulia hakichekeshi, lakini kila aliyekisikia alicheka. Majumbani watu walianza kumjibia mgeni kabla hajajibu. Mtaa mzima ungesikia "Najaaa!" ikitoka kwenye kila dirisha kwa mpigo mmoja. Bungeni, Spika alipomwita mbunge kuchangia hoja, mbunge alijibu "Najaaa!" na kupigiwa makofi kabla hajachangia chochote, na mara nyingi ikaishia hapo.

Mtukufu Kiongozi naye alinogewa. Siku ya maadhimisho alisimama juu ya jukwaa na kutamka mbele ya majeshi yote: "Mimi na bata huyu, mpaka mwisho!" Katika nchi ile, Mtukufu akishatamka, hakuna wa kufupisha. Kwa hiyo bata akawa sheria.

*

Mwaka huohuo Mtukufu alijenga daraja. Lilikuwa daraja zuri sana, na uzuri wake mwingi ulikuwa kwenye rangi, kwa sababu nondo zilipungua njiani kwa namna ambayo haijajulikana. Vijana walipandishwa juu kupaka mabomba ya pembeni kabla ya uzinduzi. Mmoja wao alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanamvua. Jina lake sitalitaja hapa, maana sheria bado inafanya kazi. Alikuwa kijana mcheshi kama mama yake. Rangi ya buluu ikimbakia kwenye kopo, alimpakia mtu kitu bure: mlango, baiskeli, hata genge la nyanya la Mama Sipora, jirani yao.

Asubuhi moja daraja likaingia mtoni pamoja na vijana wote.

Hapa nafuta kauli yangu. Daraja halikuingia mtoni. Waziri wa Furaha na Mambo Mengineyo, Mheshimiwa Daktari Profesa Kasiani Ndomba, alilieleza jambo hilo vizuri mbele ya waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "daraja halijaanguka. Daraja limejilaza. Limefanya kazi ya kusimama kwa wiki nzima bila posho, sasa limechukua likizo. Na wale vijana wetu hodari waliokuwa juu yake, wameamua kusafiri. Wako safarini. Naomba tusiwasumbue."

Ndipo ikatungwa Sheria ya Wasafiri. Kulitaja jina la yeyote aliyekuwa darajani kwa sauti ya huzuni, mbele ya watu, likawa kosa la kukatisha safari ya raia. Wazazi waliambiwa wasubiri. Waliotaka kuweka matanga walikumbushwa kwamba matanga ni ya waliokufa, na hakuna aliyekufa, kwa hiyo pilau hiyo wangemlisha nani?

Bi Mwanamvua alirudi kazini jioni ileile. Alimfanya fisi, akamfanya zimwi, akamfanya bata. Wakacheka. Nakumbuka kipindi cha siku ile kilifana kuliko vyote, na hakuna aliyejiuliza anawezaje.

*

Haukupita muda, katuni yenyewe ikageuka. Si yeye aliyeigeuza, ni hao Wajapani walioichora hivyo. Mto uliokuwa umetulia tangu mwanzo ukafurika, ukapanda hadi kwenye mapaa, ukaondoka na kijiji. Maji yalipopungua Bata Kwakwa alibaki peke yake na sufuria. Hakuna fisi, hakuna samaki wa kwenye ndoo. Kipindi baada ya kipindi ikawa ni bata anafagia matope. Bata anatafuta kuni kavu. Bata anatazama benchi.

Taifa likapigwa na butwaa. Wizara iliunda Kamati ya Kumrejeshea Bata Tabasamu, ikaandikia ubalozi wa Japani kudai maelezo, na ubalozi ukajibu kwa heshima nyingi kwamba bata huyo amechorwa. Kamati haikuridhika. Ilitaka kujua amechorwa na nani na kwa kibali gani. Kukikatisha kipindi haikuwezekana, maana Mtukufu alishasema mpaka mwisho, ingawa watumishi wa Ikulu walijua kwamba siku hizi Mtukufu mwenyewe alikuwa akisinzia mbele ya bata kuanzia matope ya kwanza, na televisheni ilikuwa ikitazama usingizi wake.

Nasi, yaani nao, wananchi, walifanyaje? Hawakuandamana wala hawakulaani. Walichoka tu. Mtu alikaa kwenye kochi, akatazama bata anafagia, akasema "leo naye hana jipya," akainuka kwenda kutazama jikoni kama wali umekauka. Kesho yake hakukaa kabisa. Chaneli ya pili ilikuwa imeanza mashindano ya taifa ya kukuna nazi, na mtangazaji wake alikuwa akipiga kelele utadhani ni fainali ya mpira. Mikono ilikwenda kwenye rimoti yenyewe, bila chuki.

Mama Sipora, ambaye zamani ndiye aliyejibu "Najaaa!" kwa sauti kubwa kuliko mtaa mzima, alimkuta Bi Mwanamvua gengeni akichagua nyanya.

"Shoga yangu, usinichukie," akamwambia. "Lakini siku hizi unatuharibia jioni. Mtu umetoka kuhangaika kutwa, unataka ucheke ulale. Wewe unatuletea matope!"

"Vumilia kidogo, Mama Sipora," Bi Mwanamvua akajibu. "Inafika mahali."

"Mahali gani tena?"

"Nimeshaona picha za mbele. Bata atapika. Atapika supu, halafu atawaita. Wewe kaa tu siku hiyo, mwenzangu. Kaa unisikilize."

"Siku gani?"

"Ijumaa hii."

Mama Sipora alimuongezea nyanya moja juu na kuahidi atakaa. Nadhani aliahidi kwa moyo wote. Ila Ijumaa ile ilikuwa nusu fainali ya nazi.

*

Sasa naeleza kilichotokea Ijumaa, na ninakieleza kwa kubahatisha kwa sababu ambayo mtaiona.

Inasemekana Bata Kwakwa alipata kuni kavu, akapika, akapanga mabakuli kwenye benchi tupu, akagonga sufuria kwa mwiko. Kisha akawaita wale wote walioondoka na mto, mmoja mmoja, akisubiri baada ya kila jina. Na inasemekana Bi Mwanamvua, chumbani mwake, mbele ya kipaza sauti, hakumwita fisi wala zimwi. Aliwaita vijana wa darajani. Wote. Na wa mwisho akamwita mwanawe, kwa sauti yake mwenyewe.

Alirudi nyumbani, akafunga mkoba: kanga mbili, mswaki, chupa ya chai. Akakaa kwenye kiti sebuleni kusubiri askari. Hawakuja. Jumamosi hawakuja. Jumapili alifagia uwanja ili wakija wasimkute na uchafu. Jumatatu alichoka kusubiri, akachukua mkoba wake, akaenda mwenyewe Idara ya Ukaguzi wa Hisia.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba, mama. Karibu. Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kukamatwa."

Bwana Lipembe alicheka, maana alimjua ni mtu wa vichekesho. "Kwa kosa gani tena, mama yetu?"

"La Ijumaa. Kwenye televisheni."

"Ijumaa," akasema Bwana Lipembe, na leso ya kwanza ikaanza kutoka mfukoni. "Ijumaa kulikuwa na nini?"

"Si wewe ndiye mwenye kitufe? Mimi nilitaja majina. Nilimtaja mwanangu. Nilimwita kwa jina lake la..."

"Usilitaje!" Bwana Lipembe akaziba masikio kwa mikono miwili, leso ikaanguka. "Mama, nakusihi, usinifanye nisikie!"

Bi Mwanamvua akaweka mkoba wake sakafuni. "Kwani Ijumaa hukusikia?"

Mkaguzi Mkuu wa Hisia za Taifa aliinama kuokota leso. Ijumaa alikuwa na nazi yeye pia, na mshindi alitoka kijijini kwao.

*

Ingeweza kuishia pale. Lakini habari ilimfikia Mheshimiwa Waziri Ndomba, naye akasema serikali inayosikia kila kitu haiwezi kukaa ikaonekana haikusikia. Kesi ikafunguliwa. Bi Mwanamvua alisimama kizimbani na mkoba wake, akashtakiwa kwa kukatisha safari za raia, na akakiri kosa mara moja, jambo lililoudhi upande wa mashtaka, kwa sababu walikuwa wameandaa hotuba.

Hakimu alikuwa mtu wa sheria. Alisema kukiri hakutoshi, maana mwananchi anaweza kujisingizia. Shahidi anatakiwa. Mmoja tu, aliyeketi Ijumaa ile jioni na kusikia kwa masikio yake. Sauti haikuhifadhiwa, na mshtakiwa hakuruhusiwa kurudia maneno mahakamani, maana hapo lingekuwa kosa jipya na Hakimu mwenyewe angekuwa shahidi.

Wakili wa Serikali akaita mashahidi. Alianza na majirani.

"Ijumaa jioni ulikuwa unatazama kipindi cha bata?"

"Hapana, Mheshimiwa! Nilishaacha zamani."

Kila mmoja alisema hivyo kwa sauti ya juu, kifua mbele, kama mtu anayeonyesha mikono safi. Mmoja alitazama nazi. Mmoja alikuwa anakaanga samaki. Mmoja alikuwa na televisheni imewashwa kwenye bata huyohuyo, lakini yeye alikuwa chumba cha pili anatafuta kandambili. Bwana Lipembe alipopanda alisema alikuwa akitazama kwa moyo, ila macho yalikuwa yameitwa kwingine kwa shughuli za kitaifa.

Kila jibu lilipotolewa Bi Mwanamvua aligeuka kumtazama aliyejibu. Mwanzoni nilidhani anatafuta atakayemponza. Baadaye nikaona, na natamani nisingeona, kwamba alikuwa anaomba apatikane. Alikuwa amejiandaa kwa miaka ya gerezani, kanga mbili na mswaki, na bei hiyo aliiona ndogo, ilimradi atokee mtu mmoja aseme: nilisikia.

Wa mwisho alikuwa Mama Sipora.

"Mama Sipora," akasema Bi Mwanamvua kutoka kizimbani, kabla Wakili hajafungua kinywa. "Wewe uliniahidi."

Mama Sipora aliangalia sakafu. "Nilikaa, shoga yangu. Haki ya Mungu nilikaa. Nikaona bata anawasha moto. Nikasema bado bado, ngoja nigeuze kidogo nione nazi wamefika wapi, nitarudi." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Sikurudi."

Hakimu aliandika, akaweka kalamu chini. Alisema mahakama imeridhika pasipo shaka yoyote kwamba hakuna raia hata mmoja aliyesikia. Neno lisilosikiwa na mtu halijatamkwa mbele ya watu. Mshtakiwa hana hatia, yuko huru, aende nyumbani.

"Hata mmoja?" Bi Mwanamvua akauliza.

"Hata mmoja," akasema Hakimu kwa upole, akidhani anampa habari njema.

Tukapiga makofi. Ndiyo, sisi, nimechoka kuwasingizia. Tulifurahi kweli. Tulimpenda sana Bi Mwanamvua, na tulijiona tumemwokoa.

*

Tulimsubiri kwenye ngazi za nje ya mahakama. Tulijaa mpaka barabarani, na jua lilikuwa kali, na kila mtu alikuwa na moyo mwepesi. Alipotokea mlangoni na mkoba wake, mtu mmoja akapaza sauti:

"Bi Mwanamvua! Tupigie ile ya supu!"

"Ile ya supu!" tukaitikia wote. "Tumeimisi!"

Alitutazama. Nilidhani atakataa. Kisha akaweka mkoba chini, akaivimbisha shingo taratibu kama zamani, akagonga ukuta wa ngazi kwa kiganja, mara tatu, kama mwiko kwenye sufuria. Sauti ikatoka ileile ya bata, nono, ya kuchekesha mno:

"Supu ya Twalibu tayaaari!"

"Najaaa!" tukajibu.

Watu wazima, watoto, askari wa zamu, Bwana Lipembe pale mlangoni. Tulijibu kwa mpigo mmoja kama enzi zile za madirisha, na tukacheka, tukacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Alikuwa bata safi kabisa. Hatukuwa tumepata bata wa namna ile tangu matope yaanze.

Kicheko kilikatika kwa Mama Sipora kwanza, yeye ambaye genge lake lilikuwa bado na rangi ya buluu ya kijana yule. Niliona mkono wake ukienda mdomoni, na macho yake yakimtazama Bi Mwanamvua kama anayetaka kurudishiwa neno lake. Kisha kikakatika kwa waliokuwa karibu naye, kikashuka ngazi pole pole, mpaka wale wa barabarani waliokuwa hawajui kwa nini mbele wamenyamaza nao wakanyamaza.

Bi Mwanamvua alikuwa bado anasubiri. Alitupitia uso baada ya uso, bila haraka, vilevile bata anavyosubiri baada ya kila jina. Sisi tuliosema tunakuja, hakuna aliyesogeza mguu.

"Kumbe mnasikia," akasema. Hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuijua.

Akachukua mkoba wake, akapita katikati yetu. Tulimpisha. Bwana Lipembe alitoa ile leso ya pili, akaitazama na mikunjo yake ya dukani, akairudisha mfukoni. Nilitamani mtu aseme kitu, mtu mwingine, si mimi. Uso uliniwaka na sikujua pa kuuweka. Naona haya hadi leo nikipita mahakamani, na huwa nazungukia njia ya nyuma.

Kipindi cha bata kiliendelea hadi mwisho, kama Mtukufu alivyoagiza, kwa sauti ya msichana mwingine mchangamfu. Sijui kiliishaje.

Nilisema mwanzo kwamba nchi hiyo haipo. Naomba mniruhusu niendelee kusema hivyo. Nikikubali kwamba ipo, mtaniuliza nilisimama ngazi ipi siku ile, na "Naja" yangu niliitoa kwa sauti kubwa kiasi gani.